Miwani Juu ya Paji la Uso

Miwani niliivua mimi. Hakuna aliyeninyang'anya, mpira wake haukukatika, wala si kweli kwamba sikupewa. Nilipewa. Nilivalishwa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, nikakazwa mpira nyuma ya kichwa, nikaambiwa nisiiguse. Muda mfupi baadaye nikaipandisha juu ya paji la uso kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa miaka minne nimesema vingine. Nimesema mbele ya mjomba wangu, mbele ya muuguzi, mbele ya walimu wenzangu, na mara moja, Mungu anisamehe, mbele ya darasa zima nilipokuwa nikieleza jinsi ya kupima ukweli wa ushahidi. Somo langu ni mbinu za utafiti. Wanafunzi waliandika kila kitu daftarini, na wawili walinipa pole.

Ninafundisha katika chuo kidogo hapa Kasongo. Nilisoma Lubumbashi, nikarudi na shahada, masanduku mawili, na tabia ya kusahihisha Kiswahili cha watu sokoni, ambayo naamini imechangia kunikosesha marafiki. Nilikuwa na mume pia. Huyo alibaki Lubumbashi pamoja na maelezo yake. Mtoto hatukujaliwa. Nilipokuja kukaa kwa mama nilimwambia kila mtu kwamba nimekuja kumtunza mzee, na mama, kwa heshima, hakumwambia mtu ni nani aliyekuwa akimpikia mwenzake.

Mama alipofariki, nilibaki katika nyumba ya vyumba vinne peke yangu. Dada zangu wawili walikuja kuzika na wakarudi makwao, mmoja Bukavu, mwingine Lubumbashi. Tulikubaliana tutakutana tena siku ya kuondoa matanga. Na kwetu matanga hayaondolewi katika nyumba yenye kuta za zamani. Kabla ya siku hiyo nyumba hupakwa chokaa, ndani na nje, na mkono wa kwanza kwenye chumba alimolala marehemu lazima uwe wa mtoto wake wa kumzaa. Fundi anamaliza, mtoto anaanza. Wazee wanasema bila hivyo marehemu atarudi kuulizia mlango wake. Dada zangu walijadili jambo hilo katika kundi letu la simu kwa muda wa saa moja, kwa sauti zilizorekodiwa, na wakafikia uamuzi kwamba mkono wa kwanza uwe wangu kwa kuwa mimi niko karibu. Nimegundua kwamba katika ukoo, kuwa karibu ni cheo ambacho hakuna anayekigombea.

Basi nikamtafuta fundi wa rangi.

Alikuwa mtu wa mjini, wa familia za Kiislamu za zamani, mwembamba, wa umri wa miaka hamsini hivi. Mji mzima ulimjua kwa mavazi yake. Mafundi wengine wa Kasongo hupaka rangi wakiwa na kandambili miguuni na sigara mdomoni. Yeye alivaa salopeti ya bluu, yaani ovaroli, iliyofungwa hadi shingoni, boti za mpira, glavu zilizofika kwenye viwiko, miwani mikubwa ya plastiki iliyofunika macho pande zote, na juu ya pua na mdomo kashene ya mpira yenye vichujio viwili vya mviringo, aliyoitoa Bukavu. Kashene hiyo aliiosha kila jioni na kuianika kivulini, kama nguo ya mtoto mchanga.

Vijana wa pikipiki waliopaki kwenye njia panda walikuwa wakimngojea kila asubuhi.

"Papa, kwenda mwezini mnaondoka saa ngapi?"

"Mutanikuta huko," aliwajibu bila kusimama. "Nyinyi mutapitia hospitali kwanza."

Alinieleza sababu siku ya kwanza, huku akipima kuta kwa kiganja. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa amekwangua rangi za zamani za majengo ya wakoloni kwa miaka mingi, bila kitu puani, akimeza vumbi lile kama chakula. Mwishoni mzee alikuwa analala akiwa ameketi kitini, kwa sababu akijinyoosha pumzi zinakata. Fundi alisema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya brashi, kisha akaniuliza kisima kiko wapi.

Nilimcheka kidogo, lazima niseme. Nilimwambia mama yangu aliipaka nyumba hii mara nyingi akiwa na kitambaa cha kichwa tu, na macho yake yalisoma Biblia bila taabu hadi mwisho.

"Mama yako alitumia bahati yake," alisema. "Yako sijui inabaki ngapi."

Nyuma ya jiko alichimba shimo la kuzimia chokaa. Wasiojua kazi hii wanadhani chokaa ni unga mweupe tu. Ile yetu ilikuja kwa lori kutoka upande wa Kabambare ikiwa mawe, na jiwe la chokaa likipata maji linachemka bila moto. Linapasuka, linafoka, linatoa mvuke, na matone yake yanaruka. Linapotulia linakuwa uji mzito, unautia chumvi ili ushike ukutani, ndipo unapaka. Fundi alimwaga maji kidogo kidogo, akiwa amegeuza uso pembeni. Kando ya shimo aliweka bido la njano, dumu la plastiki, lililojaa maji safi, na juu ya kifuniko akafunga kitambaa chekundu. Maji hayo yalikuwa ya macho. Hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa, kunawa wala kuchovya brashi. Niliwahi kuchota kikombe cha chai humo, akalimwaga bido lote na kwenda kisimani kulijaza upya, bila kunisema neno. Ningependa angenisema.

Mtu yeyote aliyekaribia shimo alivalishwa. Alikuwa na miwani ya pili kwa ajili hiyo. Kwanza alikupa mawese ujipake mikononi, shingoni na mashavuni, kwa maana chokaa haishiki ngozi yenye mafuta, kisha ndipo miwani.

"Mutu akiwa kwenye shimo yangu, macho yake ni yangu," alisema.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya mkono wa kwanza. Chokaa ya ndoo ilikuwa tayari imezimwa tangu jana yake, na katika shimo mlikuwa mmebaki mawe mapya yaliyoanza tu kulowana. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Fundi akavua mavazi yake, akanawa, akavaa kanzu aliyokuwa ameitundika kwenye msumari, na kabla ya kuondoka akanipaka maelekezo kama alivyonipaka mawese: nikoroge ndoo polepole, nisikaribie shimo, miwani ibaki pale ilipo.

"Shimo usiguse mpaka nirudi."

Nikakoroga. Uwani palikuwa kimya. Kwa majirani watoto walikuwa shuleni na mama zao mashambani, isipokuwa mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Nilikuwa nimevaa kitenge cheusi cha matanga, nina mafuta mekundu hadi masikioni, nimebeba mwiko mkubwa kuliko wa sherehe. Nikawaza kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani ajuaye kwamba niko hapa nikifanya hivi. Katika kundi letu la simu dada zangu walikuwa wamebishana asubuhi nzima juu ya kitambaa cha sare ya siku ya kuondoa matanga, kiwe cha kijani ama cha bluu. Walikuwa wameweka picha za vitambaa. Walikuwa wameweka picha zao wenyewe wakiwa wamejitupia vitambaa begani. Mimi sikuwa nimeulizwa hata rangi ninayoipenda.

Nikaamua kuwatumia picha. Walau waone.

Hapa ndipo elimu yangu yote iliponitoka. Niliweka mwiko chini, nikaingia ndani, nikajitazama kwenye kioo cha mama. Nikajiona mzee. Nikachukua wanja. Mwanamke aliye katika matanga ya mama yake hapaki wanja. Hasuki, havai hereni, hajipambi kwa chochote mpaka siku itangazwe. Mimi nilipaka, kidogo, nikiinua miwani kwa kidole na kuirudisha, nikijiambia kwamba ni kwa ajili ya picha na kwamba picha si watu. Nikatoka. Nikasimama karibu na shimo, lakini shimo lilikuwa limetulia na halikupendeza, kwa hiyo nikachota kopo moja la maji nikalimwaga juu ya mawe ili mvuke upande nyuma yangu. Kisha, kwa kuwa nisingepaka wanja bure, nikapandisha miwani juu ya paji la uso ili macho yaonekane.

Picha ya tatu ilikuwa nzuri. Nilionekana mwanamke anayejiweza. Nikaituma, na mtandao wa Kasongo ukaanza kuzungusha kile kiduara chake. Nikainamisha kichwa kukitazama, huku nimeendelea kusimama palepale. Chokaa haimsubiri mtu anayesubiri mtandao.

Sikusikia kitu kikiruka. Nilisikia tu kana kwamba mtu ameingiza kaa la moto katika jicho la kushoto na kulishikilia hapo. Nilipiga kelele ambazo baadaye jirani alizielezea kwa kila aliyetaka kusikia. Huyo mama anayenyonyesha ndiye aliyefika kwanza, mtoto bado yuko kifuani, akataka kunikamulia maziwa jichoni kama tunavyofanya kwa macho mekundu. Bibi mzee wa nyumba ya pili akaja na chupa ya mawese. Walikuwa wameanza kubishana kipi kitangulie, fundi alipoingia mbio akiwa na kanzu yake nyeupe. Aliwaondoa wote wawili kwa kiwiko. Akanilaza chini upande wa kushoto, akaiondoa miwani kwenye paji la uso wangu, akaitupa pembeni, akalifungua lile bido.

"Usifunge," alisema. "Ukifunga, unafungia moto ndani."

Nilimpiga ngumi, nikamkwaruza. Alilishikilia kope langu kwa vidole viwili na kumimina maji polepole, mfululizo, bido lote, kisha akamtuma jirani kisimani na kumimina jingine. Mkono wake mwingine ulikuwa chini ya shingo yangu. Sehemu kubwa ya wanja wangu iliishia kwenye mkono wa kanzu yake. Aliuona, niliona kwamba ameuona, kwa lile jicho lililobaki.

Hospitalini walinifunga bandeji. Muuguzi alisema aliyeliosha jicho hili ndiye aliyeliokoa. Wakati huo mjomba wangu akawa amefika. Huyu ni kaka yake mama, mzee wa kanisa, ndugu pekee niliyenaye hapa mjini, mtu ambaye hasira humjia kabla ya habari. Alisimama mbele ya kitanda akiwa na kofia mkononi.

"Ule fundi hakukupa miwani?"

Nilihisi mchirizi mweusi bado uko shavuni. Nikafikiri jinsi itakavyosikika: matanga, wanja, picha, kopo la maji. Mwalimu wa mbinu za utafiti.

"Hakunipa," nikasema.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia sentensi fupi ndiyo bora, na hiyo ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kutunga. Ilitoka hospitalini kabla yangu. Kesho yake mjomba alikwenda parokiani, ambako fundi alikuwa anangojewa kupaka madarasa ya shule, akasimama mbele ya padri na kusema kwamba mtu huyu amemwacha binti wa dada yake kwenye chokaa bila kinga na kwenda zake kuswali. Kazi ya madarasa wakapewa mafundi wa kandambili. Watu wa pikipiki, ambao kwa miaka walikuwa wakimcheka kwa kuvaa miwani, sasa wakamcheka kwa kutomvalisha mwingine. Mtu ambaye hakuwa na sifa nyingine yoyote mjini ila uangalifu wake, mimi nilimvua hiyo moja.

Alikuja nyumbani mara moja tu. Nilikuwa nimelala chumbani, wageni wamejaa sebuleni. Nilimsikia akiomba vyombo vyake kwa jirani, kisha nikasikia maji yakimwagika: alikuwa anaiosha ile miwani. Akaondoka. Baada ya miezi michache nikasikia amehamia Kabambare, kwa kina mkewe.

Swali ambalo mtu angeuliza ni kwa nini sikusema ukweli kesho yake, au kesho kutwa. Jibu lina aibu kuliko uongo wenyewe. Watu walikuwa wanakuja. Kwa wiki tatu nyumba ile ilikuwa na sauti. Walimu wenzangu walileta ndizi, wanafunzi waliimba, mama wa jirani alinipikia, mjomba aliketi kando ya kitanda akinisomea Zaburi kwa sauti ya kugombana. Mtu aliyeumizwa na mwingine hutembelewa. Aliyejipiga picha hatembelewi. Nilikuwa najua nitakapofungua mdomo viti vyote vile vitarudi vilikotoka, kwa hiyo sikuufungua, na viti vikarudi hata hivyo, kimoja kimoja, kama inavyokuwa.

Na ile picha ilifika. Mtandao uliipitisha wakati nimelazwa chini nikimwagiwa maji. Ipo hadi leo katika kundi letu: mimi, wanja, mvuke, miwani juu ya paji la uso, ushahidi kamili ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuchambua kwa dakika moja. Kwa mwaka mzima niliogopa kwamba dada zangu wataiangalia vizuri. Dada wa Bukavu aliandika kwamba ukuta umependeza. Wa Lubumbashi hakuandika kitu. Mkono wa kwanza niliuweka nikiwa na bandeji, fundi wa kandambili akamaliza. Siku ya kuondoa matanga walivaa bluu, wakanikumbatia, wakalilaani jina la yule fundi, wakaondoka. Mwaka wa pili woga ukanitoka, ikaingia huzuni ambayo sina pa kuipeleka: mtu anaweza kuacha kosa lake mahali peupe kabisa, mradi tu hakuna anayemtazama.

Jicho linaona, kama mtu anavyoona kupitia glasi yenye mvuke. Juani linatoa machozi. Wanafunzi wapya hudhani nina moyo mwepesi.

Mwaka huu nilitumwa Kabambare kusimamia mitihani ya taifa. Nilikwenda kwa pikipiki, mvua ikatulaza Lusangi, na siku ya pili nikafika nikiwa na tope hadi mapajani. Siku ya mwisho ya mitihani, nikipita barabarani, nilimwona kabla hajaniona. Ilikuwa rahisi. Mbele ya duka moja dogo, katika jua la mchana, mtu aliyevaa salopeti, boti, glavu, miwani na kashene alikuwa anapiga msasa mlango wa zamani. Watoto watatu walikuwa wameketi ng'ambo wakimtazama kama sinema.

Ningeweza kupita. Nilisimama. Aliinua kichwa, akanitambua, akaenda kuleta kiti na kukiweka upande upepo unakotoka, mbali na vumbi. Kisha akanyoosha mkono katika mkoba wake na kunipa kashene nyingine, ya kitambaa. Nikaivaa. Watu wawili waliofunika midomo. Nilishukuru kwa hilo.

Aliniuliza habari za Kasongo, nikamjibu. Nikamwuliza habari za watoto wake, akanijibu. Akarudia kusugua. Kisha akaniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba wanajenga maternite mpya, hospitali ya wazazi, pale mjini, na kwamba injinia anatafuta mtu wa kuwasimamia wapaka rangi: mtu wa kuhakikisha kila mmoja amevaa sawasawa kabla ya kupanda jukwaa, na kumteremsha asiyevaa.

"Ile kazi ni yangu kabisa," alisema. Hakuwa anajisifu.

"Sasa?"

"Alisikia mambo ya Kasongo. Aliniuliza kama ni mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia chokaa ilikuwa yangu."

"Tu?"

"Tu."

Msasa ukaendelea. Nilitaka kumwambia nasikitika, lakini neno hilo nililiona dogo mbele ya ule mlango. Nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nalo miaka yote hiyo: kwa nini hakusema, ilhali yeye ndiye aliyeitoa miwani kwenye uso wangu.

Aligeuka. Macho yake nyuma ya plastiki hayakuwa na hasira niliyokuwa nimejiandaa kuikuta.

"Niseme nini, mwalimu? Mwenye matanga alipaka wanja? Fundi anaingia ndani ya manyumba ya watu, mpaka kwenye kitanda yao. Akianza kusema alichoona, nani atamufungulia mulango?"

Baada ya hapo alisema injinia anataka kumsikia mwalimu mwenyewe kabla ya kuamua. Injinia alikuwa amemwomba nambari yangu.

"Niko nayo. Sikumupa. Nambari ya mutu ni ya mutu."

"Mpe," nikasema.

"Nimupe?"

"Mpe."

Hilo ndilo tendo langu lote la ujasiri, na lilifanyika nyuma ya kitambaa. Nilirudisha kashene, akaikung'uta na kuitenga kando ili akaioshe, nami nikaenda kutafuta pikipiki.

Jumapili iliyofuata mjomba alikuja kula kwangu, kama anavyokuja kila Jumapili baada ya misa. Siku nyingine za wiki hakuna anayekuja. Nilimpikia wali na sombe ya majani ya muhogo, nikangoja ale nusu, nikamweleza. Sikumweleza yote, wanja sikuutaja. Niliposema miwani nilikuwa nayo, alisimamisha tonge.

"Mimi nilisimama mbele ya padri," alisema. "Kwa kinywa changu hiki."

"Najua, mjomba."

"Unataka nirudi niseme nini? Kwamba mutoto wa dada yangu alinituma uongo, na mimi mukubwa muzima nikaubeba?"

Nilimwambia hahitaji kurudi popote, ila mtu atanipigia simu na nitamjibu. Alilirudisha tonge kwenye sahani. Kisha akasema kidonda kikishakauka hakibanduliwi, na kwamba ikiwa nitaongea na watu wa Kabambare nitakuwa nimewachagua wao. Alimaliza sahani yake, kwa sababu ni mtu asiyetupa chakula, akanawa, akaondoka bila ule mfuko wa wali ninaomfungia kila wiki apeleke kwake. Ulibaki juu ya meza. Niliula Jumatatu na Jumanne.

Nikangoja simu. Kwa siku kumi na moja niliibeba mkononi kama yai. Nilijizoeza majibu. Lilikuwepo jibu lililosema kwamba miwani iliteleza. Lilikuwepo lililosema kwamba kulikuwa na kutoelewana kuhusu maelekezo, ambalo lilinifurahisha kwa uzuri wake, kwani lilimwokoa kila mtu nusu nusu na kumrudishia mjomba kiti chake cha Jumapili. Karibu nilichague. Nililiandika hata kwenye karatasi, na nikarekebisha nukta.

Ilipigwa Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, darasa lilipokuwa limetoka na mimi nafuta ubao. Nambari nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya haraka, nyuma yake nyundo na watu wakiitana. Alijitambulisha kuwa injinia wa jengo la Kabambare, akaomba radhi kwa kunisumbua, akasema ana swali moja.

"Siku ile ya jicho, fundi alikupa miwani ao hakukupa?"

"Alinipa."

"Ilikuwa wapi ulipoungua?"

"Juu ya paji la uso."

"Aliipandisha nani?"

Ile karatasi ilikuwa mezani, chini ya kifutio. Nilifikiri juu ya mjomba.

"Mimi."

"Na maji ya shimo?"

"Niliyamwaga mimi. Yeye alikuwa msikitini. Alikuwa ameniambia nisiguse."

Nyundo ziliendelea kugonga nyuma yake. Akaniuliza sababu, kwa upole sasa, kama mtu ambaye maswali yake yameshakwisha ila anataka kuelewa. Nikamwambia nilikuwa najipiga picha. Akauliza picha ya nini. Nikamwambia ya kuwatumia dada zangu, kwamba nilikuwa nimepaka wanja, na nilitaka macho yaonekane. Nilisikia sauti yangu ikigonga kuta za darasa tupu na kunirudia, na haikuwa sauti ya mtu ninayemfahamu sana.

"Miaka yote hiyo hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya," alisema, nami sikujua kama amerudia neno langu au amefunga mazungumzo. Kisha akasema nisimlaumu, simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, na fundi amesimama hapo kando yake. Jumatatu ataanza kazi.

Kukawa na mkwaruzo, kama simu inapopita kutoka mkono hadi mkono wenye glavu.

"Mwalimu."

"Fundi."

"Jicho iko namna gani?"

Katika miaka minne watu wengi walikuwa wamelihurumia jicho hilo, na sikumbuki aliyeliulizia. Nilimwambia linaona, kwa ukungu kidogo, na juani linatoa machozi. Alirudia maneno yangu polepole, kana kwamba anaandika mahali. Akaniuliza kama usiku linauma, nikamwambia haliumi. Akasema vizuri. Akasema Jumatatu wanaanza na kukwangua, watu kumi na wawili, na kashene alizonazo ni tisa, kwa hiyo lazima aende akazitafute tatu kabla maduka hayajafungwa, na akanitakia kazi njema, na simu ikakatika.